Leseni za haidrojeni ziandikwe siku za akiba, megawati pekee hazitoshi

Mhariri,

Tangu Serikali ya Kenya izindue mkakati wa haidrojeni ya kijani, yaani inayotengenezwa kwa umeme usiochafua hewa, mnamo Septemba 2023, wakati wa kongamano la tabianchi la Afrika jijini Nairobi, mjadala umekuwa wa megawati na mikopo. Awamu ya kwanza, inayokwenda hadi 2027, inalenga mitambo ya elektrolaiza (inayotumia umeme kutenganisha maji yawe haidrojeni na oksijeni) ya MW 100 na kupunguza kwa asilimia 20 mbolea ya nitrojeni tunayoagiza kutoka nje. Lengo ni zuri na tunaliunga mkono. Lakini sisi tunaofanya kazi na gesi za viwandani na mitambo ya presha tunaona pengo kubwa: mtambo ukisimama, mkulima na kiwanda watavumilia siku ngapi kabla hawajaumia? Idadi hiyo ya siku ndiyo tunayotaka iandikwe kwenye kila leseni.

Mtu asiseme hili ni tatizo la Wajapani na Wajerumani. Haidrojeni ilishatukatikia. Amonia, ambayo ndiyo mama wa mbolea zote za nitrojeni, huundwa kwa haidrojeni na nitrojeni ya hewani, na karibu haidrojeni yote hiyo duniani hutolewa kwenye gesi asilia au makaa ya mawe. Mwaka 2022, bei ya gesi ilipopaa Ulaya baada ya Urusi kuivamia Ukraine, viwanda vya amonia vya huko vilipunguza kazi na vingine vikafungwa kwa muda. Huku kwetu gunia la kilo 50 la DAP, mbolea ya kupandia, likapita Sh6,000, hadi Serikali ikaingilia kati kwa mbolea ya ruzuku ya Sh3,500 na baadaye Sh2,500. Hatukuiita kukatika kwa haidrojeni kwa sababu gesi hiyo hutufikia ikiwa imeshageuzwa kuwa mbolea na kutiwa kwenye gunia.

Sasa tunataka kuitengeneza wenyewe, na hapo ndipo tabia ya gesi hii inapaswa kueleweka. Haidrojeni haiwekeki kirahisi. Mtungi wa chuma wa lita 50, ule mkubwa unaoonekana kwenye karakana za kuchomelea, ukijazwa haidrojeni kwa presha ya baa 200, karibu mara 200 ya presha ya hewa ya kawaida, hubeba gesi ya takriban kilo 0.7 tu, ilhali chuma chenyewe kina uzito wa kilo hamsini na ushei. Tani moja ya amonia huhitaji haidrojeni kilo 177, yaani mitungi kama 250 hivi. Trela zima la mitungi mirefu ya chuma, lenye uzito wa makumi ya tani, hubeba kilo 300 hadi 400. Ukiipoza iwe kimiminika lazima uishushe hadi nyuzi 253 chini ya sifuri, na kazi hiyo pekee humeza karibu theluthi ya nishati iliyomo ndani ya gesi yenyewe. Bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi nalo haliwezi kugeuzwa tu likabeba haidrojeni, kwa kuwa gesi hii hupenya kwenye chuma kigumu na kwenye maungio ya kuchomelea, ikakidhoofisha hadi kikapasuka.

Kwa hiyo mnyororo wa haidrojeni hauna ulegevu. Petroli ikichelewa bandarini wiki moja, matangi ya Kipevu na Nairobi yana mafuta ya kutufikisha. Haidrojeni ikichelewa, watumiaji huanza kuhesabu saa.

Nchi zilizotutangulia zimeliona hili waziwazi. Juni 1, 2019, kituo cha Air Products cha kujazia malori ya haidrojeni kule Santa Clara, California, kilishika moto na kulipuka wakati trela lilipokuwa likijazwa. Hakuna aliyepata jeraha baya. Lakini kituo hicho ndicho kilichokuwa kikilisha vituo vingi vya magari vya eneo la San Francisco, na wenye magari ya haidrojeni wakahangaika kwa miezi. Viwanda vya kuzalisha gesi havikuwa vimekufa; kilichokufa ni mahali pa kujazia malori. Novemba 2023, Korea Kusini, hitilafu ya vifaa katika kiwanda cha haidrojeni cha Hyundai Steel mjini Dangjin ilileta foleni na mgao kwenye vituo vya Seoul na mikoa ya jirani, katika nchi yenye magari mengi ya haidrojeni kuliko nyingi duniani. Februari 2024, Shell ikatangaza kufunga kabisa vituo vyake saba vya magari madogo huko California, ikitaja matatizo ya ugavi miongoni mwa sababu.

Kisa cha Norway kinastahili kuangaliwa kwa karibu, maana kilianzia kwenye bolti. Juni 10, 2019, kituo cha Kjørbo, Sandvika, nje kidogo ya Oslo, kililipuka. Uchunguzi ulifika kwenye kizibo kimoja cha tangi la presha ya juu. Kizibo hicho kilikuwa na mipira ya kuzuia gesi na bolti za ndani na za nje, na bolti za ndani hazikuwa zimekazwa kwa kipimo kinachotakiwa. Gesi ikaanza kuvuja kidogokidogo kupita mpira wa kwanza. Uvujaji ukaula ule mpira. Gesi ikazidi uwezo wa tundu dogo lililowekwa kupitishia uvujaji, presha ikapanda chini ya kizibo, na kwa kuwa bolti hazikuwa na mkazo, kizibo kikainuka kiasi cha kuuachilia mpira wa pili. Gesi ikamwagika, ikawaka. Watu wawili waliumia kidogo ndani ya gari lao baada ya mifuko ya hewa kufunguka kwa mshindo. Vituo vingine vya kampuni iliyokiendesha vikafungwa, Toyota na Hyundai wakasimamisha kwa muda mauzo ya magari ya haidrojeni nchini humo, na vituo vyenye vifaa vya aina hiyo katika nchi nyingine vikazimwa kusubiri ukaguzi. Bolti chache kutokazwa kwa kipimo kulisimamisha ugavi wa nchi.

Kutokana na kisa hicho tunasema: matangi, valvu na kompresa za muundo mmoja zikifungwa nchi nzima, kasoro moja huzifunga zote kwa pamoja. Zabuni zetu hupenda muundo mmoja kwa sababu ya bei. Kwa haidrojeni, angalau sehemu ya hifadhi itoke kwa mtengenezaji mwingine.

Kisa cha mwisho kinatugusa zaidi kwa sababu ya umeme wetu. Mei 23, 2019, mjini Gangneung, Korea Kusini, matangi ya haidrojeni iliyotengenezwa kwa elektrolaiza yalilipuka, watu wawili wakafa na sita wakajeruhiwa. Oksijeni ilikuwa imepenya kwenye haidrojeni hadi mchanganyiko ukawa wa kulipuka. Jinsi inavyotokea ni hivi. Ndani ya elektrolaiza, haidrojeni hutoka upande mmoja wa utando na oksijeni upande wa pili. Daima kuna gesi kidogo inayovuka utando. Mtambo ukifanya kazi kwa nguvu zote, kiasi hicho humezwa na wingi wa gesi safi. Umeme ukipungua, gesi safi hupungua lakini inayovuka haipungui kwa kiwango hicho, hivyo asilimia ya uchafu hupanda. Ndiyo sababu mitambo ya kialkali, ile inayotumia maji ya alkali, kwa kawaida haiendeshwi chini ya takriban asilimia 20 ya uwezo wake, na kengele ya haidrojeni ndani ya oksijeni huwekwa kwenye asilimia 2, nusu ya kiwango cha asilimia 4 ambapo kuwaka kunawezekana.

Sasa tuangalie gridi yetu. Agosti 25, Novemba 11 na Desemba 10, 2023: mara tatu katika muda usiozidi miezi minne, sehemu kubwa ya nchi ilitumbukia gizani. Mwekezaji anayesema mtambo wake utategemea gridi pamoja na upepo na jua anapaswa kueleza kwa maandishi nini hutokea dakika ya kwanza umeme unapokatika. Jibu linalofaa lina mambo yafuatayo, na tunayataja kwa mpangilio wake kwa sababu mpangilio ndio usalama wenyewe.

Kwanza, vidhibiti, vihisi vya gesi na feni za kutoa hewa vibaki hai kwa betri, maana umeme unapokufa gesi bado imo ndani ikiwa na presha, mara nyingi ya baa 30. Pili, presha ya upande wa haidrojeni na ya upande wa oksijeni zishushwe pamoja. Upande mmoja ukishuka haraka kuliko mwingine, gesi husukumwa kupitia utando. Tatu, nitrojeni iingie kusafisha vyombo, na pawe na akiba ya mitungi ya nitrojeni ya kutosha kusafisha mtambo mzima angalau mara mbili, kwani katizo la pili linaweza kuja saa chache baada ya umeme kurudi. Nne, wakati wa kuwasha tena, gesi ya mwanzo itolewe nje kupitia bomba la juu hadi vipimo vya usafi vikubali, ndipo iruhusiwe kuingia tangini. Ni hatua hii ya nne ambayo watu wenye haraka huiruka, kwa sababu kila dakika ya kumwaga gesi ni hasara inayoonekana kwenye mita.

Kuzima na kuwasha mara kwa mara pia huua mtambo polepole. Kwenye elektrolaiza za kialkali, umeme ukikatika mkondo hurudi nyuma kwa muda mfupi na kuzila elektrodi. Upande wa amonia ndio wenye shida zaidi. Kichocheo cha chuma, kinachoharakisha haidrojeni na nitrojeni kuungana, hufanya kazi kwenye nyuzi 400 hadi 500 na presha ya baa 100 au zaidi, na kikishapoa, kukipasha moto upya bila kukivunjavunja huchukua muda mrefu kuliko katizo lenyewe. Katizo la umeme la saa mbili linaweza kuwa siku nzima bila amonia. Tena oksijeni au mvuke wa maji ukiingia humo, kichocheo hudhoofika na uzalishaji hushuka. Jenereta ndogo ya dizeli ya kutunza joto la kichocheo, kuzungusha maji ya alkali na kuendesha feni inagharimu kidogo mno ukilinganisha na hasara hiyo.

Mvuke wa ardhini wa Olkaria una faida kubwa hapa. Unatoa umeme usiku na mchana bila kutegemea upepo wala mvua, na kiwanda kikijengwa karibu na visima, kikawa na njia yake ya umeme inayoweza kujitenga na gridi wakati gridi inapoyumba, tatizo la mtambo kupungukiwa na umeme linapungua sana. Tungependa kuona mitambo ya kwanza ikijengwa hapo kabla ya popote pengine.

Maji hayahitaji maneno mengi, ila yasisahaulike. Kilo moja ya haidrojeni hula lita 9 za maji safi kwenye elektrolaiza yenyewe, na maji ghafi yanayoingia kwenye uchujaji, kabla hata ya kuhesabu ya kupozea, ni zaidi ya hapo. Maji ya Bonde la Ufa yana floridi na silika, ya pwani yana chumvi. Kloridi na kalisi zikipita kwenye vichujio, huharibu utando na elektrodi. Pawe na mita ya upitishaji umeme wa maji inayozima mtambo yenyewe, na tangi la maji yaliyokwisha kusafishwa la angalau siku mbili.

Tuje kwenye vipuri, mahali ambapo miradi mingi ya nchi yetu hufia. Kompresa ni miongoni mwa vifaa vinavyoharibika mara nyingi zaidi katika mnyororo wa haidrojeni. Zile za diaframu zina bamba jembamba la chuma linalopinda mamia ya mara kwa dakika. Hupata ufa, mafuta na gesi vikakutana, na hapo hakuna kutengeneza, ni kubadilisha. Bamba hilo, valvu za kuingizia na kutolea, mipira ya kuzibia, diski za kupasuka, mipira ya kujazia na vihisi vya gesi ni vitu vinavyotosha kwenye kontena moja. Viwekwe nchini tangu siku ya kwanza. Transfoma na rektifaya ya elektrolaiza, kifaa kinachogeuza umeme wa gridi uwe wa mkondo mmoja, ni habari nyingine: huagizwa maalumu na kusubiriwa miezi mingi. Kiwanda chenye rektifaya moja kubwa kitasimama chote siku itakapoungua. Chenye nne ndogo kitapoteza robo. Kwenye karatasi ya zabuni ile moja kubwa itaonekana nafuu, na tunaomba wanaofungua zabuni wasidanganywe na nafuu hiyo.

Sasa akiba yenyewe. Tuchukue MW 100 za mkakati zikifanya kazi kwa nguvu zote. Kwa matumizi ya kWh 53 kwa kilo, hizo ni tani 45 za haidrojeni kwa siku. Akiba ya siku tatu ni tani 135. Ukiiweka kama gesi kwenye trela za baa 200, unahitaji trela zinazokaribia 400. Jambo hilo haliwezekani, na mtu yeyote anayeahidi akiba ya aina hiyo hajapiga hesabu. Ukiigeuza kuwa amonia, inakuwa takriban tani 760, ambazo zinaingia kwenye tangi moja la kimiminika lenye kipenyo cha mita 12 na kimo cha mita 10, likitunzwa kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri. Ukiendelea mbele hadi mbolea ya CAN (amonia naitreti iliyochanganywa na chokaa) yenye nitrojeni asilimia 26, bila kuhesabu upotevu, unapata magunia kama 48,000 ya kilo 50, ambayo ghala la kawaida la nafaka linayameza.

Ndiyo maana tunasema akiba ya haidrojeni ya taifa ikae kwenye maghala ya NCPB, bodi ya taifa ya nafaka na mazao, ikiwa mbolea. Haihitaji presha, haihitaji baridi, haivuji. Inahitaji kukaa pakavu, kwa sababu CAN hunyonya unyevu na kuganda kama jiwe, kwa hiyo magunia yenye mfuko wa plastiki ndani, juu ya mbao, mbali na ukuta, na pwani isirundikwe kwa msimu mzima. Na iwe CAN hasa. Amonia naitreti tupu isilimbikizwe mijini. Tani 2,750 zake zilizoachwa kwenye ghala la bandari ya Beirut ndizo zilizolipuka Agosti 4, 2020. Kuhusu yurea, wanasiasa waelewe kwamba kila tani yake hutaka pia tani 0.73 ya kabonidayoksaidi, gesi ambayo haitoki kwenye elektrolaiza. Kiwanda kisicho na chanzo chake cha gesi hiyo hakiwezi kuahidi yurea.

Tangi la amonia nalo lina hatari yake. Amonia ni sumu. Kwenye sehemu 300 kwa milioni ya hewa inahatarisha maisha. Tangi lisiwekwe palipo na makazi upande unakoelekea upepo, liwe na ukuta wa kuzuia kumwagika, na wakazi wafundishwe king'ora kinamaanisha nini na wakimbilie upande gani. Lakini amonia ina harufu kali inayomtahadharisha mtu mapema. Haidrojeni haina harufu, haina rangi, moto wake hauonekani vizuri mchana, huwaka ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa, na cheche ndogo kuliko ile inayotoka kwenye nguo ya nailoni inatosha kuiwasha. Tukichagua kati ya kusafirisha moja au nyingine kwenye barabara ya Mombasa hadi Malaba, tunachagua kusafirisha gunia.

Hii ndiyo sababu hatuungi mkono mapendekezo ya kuanza na mabasi na magari ya haidrojeni. Gari linahitaji gesi yenye usafi wa asilimia 99.97, huku kabonimonoksaidi isizidi sehemu 0.2 kwa milioni. Linahitaji kompresa za kufikisha baa 350 au 700, na maabara ya kuthibitisha usafi ambayo lazima iwe hapa nchini, la sivyo sampuli itapandishwa ndege na kituo kitafungwa kusubiri majibu. California, yenye pesa na wataalamu, imetaabika na mnyororo huo. Ukanda huu uanze na mbolea, ambako mnunuzi anaweza kusubiri kwa sababu ghala lina mzigo.

Mfano mdogo upo tayari: kwenye shamba la Kenya Nut karibu na Naivasha, mtambo unaotumia umeme wa jua umejengwa wa kuzalisha takriban tani moja ya amonia kwa siku. Mitambo kumi midogo ya namna hiyo iliyotawanyika, yenye vifaa vya watengenezaji tofauti, haiwezi kuzimika yote kwa bolti moja. Gharama ya kila tani itakuwa juu kuliko ya kiwanda kikubwa, nasi hatulifichi hilo, lakini sehemu ya uzalishaji wa taifa iwe ya aina hiyo.

Kwa EPRA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na petroli), KEBS (shirika la viwango) na idara ya usalama kazini tunaomba masharti haya yaingie kwenye kila leseni kabla ya saini. Siku za akiba zitajwe kwa tani, pamoja na mahali zilipo na nani anazihesabu kila mwezi. Orodha ya vipuri ikaguliwe ghalani, karatasi peke yake isikubaliwe. Kila kiungo cha presha ya juu kiwe na rekodi ya mkazo yenye sahihi mbili. Jaribio la kukata umeme kwa makusudi lifanywe mbele ya mkaguzi kabla mtambo haujaruhusiwa kuuza gesi, kisha lirudiwe kila mwaka. Na kila uvujaji au kusimama kwa zaidi ya saa 24 kutangazwe hadharani ndani ya siku saba pamoja na chanzo chake, ili kiwanda cha pili kiangalie kizibo chake kabla hakijainuka.

Rasimu za leseni zikifika kwenye vikao vya maoni ya umma, Naivasha na Mombasa, wakulima na viongozi wa vyama vya ushirika wafike na swali moja la kwanza: mtambo huu ukisimama Machi, msimu wa mvua ndefu, mbolea yetu iko ghala gani na ni magunia mangapi?

Wahandisi wa kemia na mafundi wa gesi,
Changamwe, Mombasa